Kiki siyo PR: uongo unaozunguka kwa wanaoanza kuuza nguo mtandaoni

Kila siku kuna mtu anafungua peji mpya ya nguo Insta, mara gauni za sendofu, mara mtumba gredi A wa Karume, mara abaya za Dubai, na hazipiti siku mbili anatokea mshauri wa kumwambia "sasa tafuta PR", yaani public relations, kazi ya kujenga jina zuri kwa watu. Ukimuuliza hiyo PR ni kitu gani hasa unapewa majibu ambayo mengi yanakula hela tu. Mi nadhani watu wanasahau kitu kimoja: mteja wa onlaini hawezi kushika kitambaa, hawezi kuingia chumba cha kujaribia, halafu anatakiwa alipe kwanza kwa mtu ambaye hamjui. Kuiondoa hofu hiyo ndo kazi yenyewe ya PR ya duka la nguo mtandaoni, mengine ni mbwembwe.

"PR ni matangazo, ukiwa na hela ya kubusti umemaliza"

Hapana. Kubusti ni kununua nafasi, na bajeti ikiisha leo posti nayo imekufa leo. PR ni yale wanayosema watu wengine wakati wewe haupo hapo, kwenye grupu la WhatsApp la kitchen party mtu anauliza "jamani nani anajua peji ya nguo isiyo ya matapeli" na mmoja anakutaja. Vyote viwili unavihitaji ila havifanyi kazi moja.

"Kiki ni kiki tu, mradi jina lisikike"

Hii inatoka kwa wasanii na kwao ina mantiki yake, kwa sababu mtu akisikia ugomvi wako anaenda kusikiliza nyimbo na haimgharimu chochote zaidi ya bando. Nguo inataka atume elfu arobaini na tano kwa M-Pesa, na hakuna anayetuma hela kwa peji aliyoisikia kwenye ugomvi. Angalia Dolce & Gabbana, kampuni ya mitindo ya Italia, Novemba 2018 waliachia video za kutangaza shoo yao ya Shanghai, mwanamitindo wa Kichina anahangaika kula piza na tambi kwa vijiti, Wachina wakaona wanadhihakiwa, hapohapo zikasambaa meseji za matusi kutoka akaunti ya Stefano Gabbana mwenyewe, mmoja wa waanzilishi. Wao walisema akaunti imedukuliwa. Shoo ikafutwa siku ileile iliyotakiwa kufanyika, na maduka makubwa ya mtandaoni ya China yakaondoa bidhaa zao. Jina lilisikika kweli, dunia nzima. Na hao ni watu wenye hela ya kuvumilia hasara, wewe una mabelo mawili na mkopo wa kikoba.

"Pata staa mmoja mkubwa avae, umetoka"

Staa ana followazi milioni, sawa, ila nusu wapo pale kwa ajili ya umbea, wengine wako nje ya nchi, wengine ni wanaume ambao hawatakuja kununua gauni lako hata siku moja. Gymshark, kampuni ya nguo za mazoezi ya Uingereza, ilianza 2012, mwanzilishi wake Ben Francis alikuwa mwanafunzi tu, na walichofanya ni kutuma nguo kwa watu wa YouTube ambao wao wenyewe walikuwa wanawaangalia wakifundisha mazoezi, kwa hiyo kila aliyeiona ile fulana alikuwa mtu wa jimu tayari. Mwaka 2020 kampuni ikathaminiwa zaidi ya pauni bilioni 1. Sisemi na wewe utafika huko, nasema angalia walimchagua nani. Kama unauza gauni za sendofu, dada anayepamba maharusi Mwanza mwenye followazi elfu nane anakufaa kuliko staa wa bongo muvi, maana wanaomfuata wana tarehe ya shughuli mkononi na wanatafuta cha kuvaa.

Na mkikubaliana andikeni, hata kwenye WhatsApp inatosha kuanzia: posti ngapi, zikae muda gani bila kufutwa, nguo anabaki nayo au anairudisha, na wewe unaruhusiwa kutumia hizo picha baadaye au la. Hilo la mwisho ndo huleta kesi. Halafu aseme wazi kwamba amepewa au amelipwa. Marekani ni sharti la mamlaka yao ya biashara, FTC, na hata kama kwenu hakuna anayekufuatilia, watu siyo wajinga, wakigundua sifa zilikuwa za kulipiwa hawamkasirikii yeye tu.

"Komenti mbaya futa haraka, ikibidi blok"

Hapa ndo peji nyingi za bongo zinapojizika zenyewe. Fashion Nova, wale wa Marekani waliokuzwa na Instagram kuliko karibu duka lolote la nguo, walikuwa na mfumo kwenye tovuti yao ambao maoni ya nyota nne na tano yanapanda yenyewe, ya chini ya hapo yanasubiri kupitishwa na hayapitishwi. Ikaenda hivyo tangu mwisho wa 2015 mpaka Novemba 2019. Januari 2022 FTC ikatangaza makubaliano, walipe dola milioni 4.2. Huko kwao kuficha malalamiko ya mteja kulihesabiwa ni udanganyifu, kwa sababu mteja mpya anasoma sifa tupu anadhani ndo hali halisi.

Huku kwetu hutapigwa faini ya namna hiyo kirahisi, ila utapigwa skrinishoti. Mtu akiandika "nimeagiza saizi 14 nimeletewa 10 na simu hampokei" ukaifuta, anaenda kuipandisha kwenye peji za umbea, picha ya alichoagiza na picha ya kilichokuja zimepangwa pamoja, na safari hii kuna komenti mia tano chini yake. Mjibu palepale, mbele ya watu: "Pole dada, saizi tumekosea sisi. Kesho asubuhi boda anapita kuichukua, nauli juu yetu. Ukitaka 14 tunakuletea, ukitaka hela tunarudisha leo kwenye namba uliyolipia. Tumekutumia meseji." Angalia hiyo komenti ina nini: kosa limetajwa, hatua imetajwa, muda umetajwa. Sasa ilinganishe na "tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza", sentensi ambayo haisemi nani kakosea wala nini kitafanyika, na mteja anaijua, ameshaisoma kwenye meseji za kukatika umeme. Wanaopita kusoma hawahesabu kosa lako, wanaangalia kama nao wakikosewa watajibiwa. Matusi na watu wa kubandika matangazo yao chini ya posti zako hao futa tu, usiumize kichwa, ila tusi na lalamiko ni vitu viwili na wewe unajua kabisa ipi ni ipi.

Ndugu yake wa hii ni ile ya "mzigo ukichelewa kaa kimya, ukifika watasahau". Haohao Fashion Nova, Aprili 2020, walikubali kulipa dola milioni 9.3 kwa sababu ya oda zilizochelewa, na siyo kuchelewa peke yake, ni kwamba hawakuwapa wateja taarifa vizuri wala nafasi ya kufuta oda, na mzigo usipotumwa walitoa kadi ya zawadi badala ya kurudisha hela. Wanaochukua preoda za China wanajua meli inavyoweza kukaa, na mteja naye anaweza kuelewa, ila umwambie wewe kabla hajauliza. Akiuliza yeye kwanza tayari ameshawaza tapeli.

"Bei njoo DM"

Eti ni mbinu ya kumvuta mteja aongee na wewe. Kwa anayesoma ni mbinu ya kumpima sura upange bei. Weka bei.

"Skrinishoti za wateja ndo ushahidi bora"

Ushahidi ndiyo, ila angalia unachopandisha. Kuna peji inapandisha meseji ya malipo ya M-Pesa nzima, jina la mteja, namba, kiasi, au picha ya dada wa watu amevaa gauni chumbani kwake aliyoituma kwa nia ya kuuliza tu kama limemkaa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya wanayo ya 2019 na wameshaitumia, Septemba 2023 kiota kimoja cha starehe Nairobi kilipigwa faini ya shilingi 1,850,000 kwa kupandisha picha ya mteja bila ruhusa yake. Omba ruhusa kwa meseji, itunze, ziba majina na namba. Hilo nalo wateja wengine wanaliona, na anayenunua nguo za ndani kwako atakushukuru kimoyomoyo.

Picha za Pinterest sizungumzii sana. Si zako, na nguo ikija haifanani unajua kitakachofuata.

"Bila bahasha hakuna mwandishi atakayekuandika"

Bahasha zipo, tusidanganyane. Ila sababu kubwa ya habari kutupwa ni kwamba haikuwa habari, "duka jipya la nguo limezinduliwa" yanazinduliwa mangapi kwa siku? Mwandishi anataka kitu cha kumwambia msomaji: mafundi wa mtaani wanaoshona kwa vipimo vinavyotumwa kwa WhatsApp, khanga za bibi zinazogeuzwa jaketi, bei za nguo kuelekea Idi. Tafuta anayeandika mambo ya mitindo au biashara ndogo, siyo imeili ya ofisi ya chombo kizima, andika nusu ukurasa, ambatisha picha tatu nne kubwa zisizo na maandishi juu, weka namba ya mtu anayepokea simu. Na tuma mapema, kama ni ya Idi usisubiri kumi la mwisho la Ramadhani. Swahili Fashion Week iliyoanzishwa na Mustafa Hassanali 2008 nayo inavuta waandishi wa mitindo kila inapofanyika, hata kama huonyeshi nguo nenda ujulikane sura.

Ila kabla hujaituma hiyo habari kwa mwandishi hakikisha mzigo upo, wa kujibu DM yupo mpaka usiku, na lipa namba inatoa jina la biashara, siyo la shemeji yako.