Sumu ya panya hukaa wapi ndani ya mnyama?

Mbwa wa jirani yangu hapa Kadutu alianza kutokwa damu puani siku ya nne baada ya kuokota panya waliokufa uani, na labda punje zenyewe za sumu. Fizi zilikuwa nyeupe kabisa. Daktari wa mifugo akampa vitamini K1, na baada ya wiki moja mbwa alikuwa akikimbiza kuku, kwa hiyo vidonge vikaachwa. Siku chache baadaye damu ikarudi. Watu wakasema amelogwa. Jibu liko kwenye ini.

Sumu nyingi za panya ni dawa za kuzuia damu kuganda. Ini hutengeneza protini za kugandisha damu kwa msaada wa vitamini K, na kila vitamini hiyo ikitumika, kimeng'enya fulani huirudisha iweze kutumika tena. Dawa huziba kimeng'enya hicho. Protini zilizokwisha kuwamo damuni huendelea na kazi mpaka ziishe, ndiyo maana panya hafi siku ileile. Huchukua siku kadhaa.

Warfarini, dawa ya zamani ya aina hiyo, ilianza kuuzwa kama sumu ya panya mwaka 1948, na leo bado hutibu binadamu. Ikiingia damuni, karibu 99% yake hushikamana na albumini, protini iliyomo damuni; sehemu ndogo iliyo huru ndiyo inayofanya kazi. Ini huibadilisha ikapoteza nguvu, kisha mabaki hutoka zaidi kwa mkojo. Kwa binadamu, nusu yake huondoka kwa takriban saa 40. Muda huo wa kupungua kwa nusu ndio huitwa nusu-maisha ya dawa.

Brodifakumu, sumu ya panya ya baadaye ya aina hiyohiyo, ni jambo jingine. Hupenda mafuta, hunasa kwenye ini, haivunjwi kirahisi, na hutoka kidogo kidogo kwa kinyesi. Damuni hupungua mapema, lakini kwenye ini la panya nusu-maisha yake hupita siku 100. Mbwa yule alihitaji vitamini K1 kwa wiki kadhaa, na damu yake kupimwa tena siku mbili tatu baada ya kuacha vidonge.

Kuku aliyedonoa punje hizo naye huihifadhi sumu palepale, kwenye ini ambalo watoto hugombea. Kulipika hakuiondoi sumu.