Katherine Dunham: ngoma kama ushahidi

Anayetaka kumwelewa Katherine Dunham, mcheza densi na mtunzi wa densi Mmarekani Mweusi, aanzie mgongoni. Hasira yake dhidi ya ubaguzi ilikuwa na hoja, na hoja hiyo aliiweka mwilini kabla ya kuitamka.

Alizaliwa Illinois, Marekani, mwaka 1909, akasoma anthropolojia katika Chuo Kikuu cha Chicago. Mwaka 1935, kwa ufadhili wa Mfuko wa Rosenwald, alikwenda Jamaika, Martinique, Trinidad na Haiti. Enzi hizo Mweusi akicheza jukwaani alihesabiwa kuwa na kipaji cha kuzaliwa nacho tu, kana kwamba hakujifunza chochote. Dunham akaenda kuthibitisha kwamba ngoma zile zina kanuni, walimu na sababu zake.

Tazama yanvalou ya Haiti, ambayo aliiingiza katika mafunzo yake. Ni ngoma ya Damballa, roho mwenye umbo la nyoka katika Vodou, dini ya Haiti yenye asili ya Afrika. Magoti yanakunjwa, kiwiliwili kinainama mbele, viganja vinaegemea mapajani karibu na magoti. Wimbi linaanzia chini ya mgongo, linapanda pingili kwa pingili hadi shingoni, na kichwa ndicho kinachomalizia. Wanaoanza hutikisa mabega wakadhani hilo ndilo wimbi. Chanzo karibu kila mara ni magoti: yakinyooshwa, nyonga hufungika na wimbi linakosa pa kuanzia. Kunja magoti zaidi, mpigangoma apunguze kasi, na usizuie pumzi. Pumzi ikikatika, wimbi nalo hukatika.

Mbinu ya Dunham inachukua ufito wa ukutani na nidhamu ya miguu kutoka baleti, lakini kiwiliwili hakibaki kama mlingoti. Kinagawanywa: kichwa, mabega, mbavu, nyonga. Kimoja kinakwenda, vingine vinatulia. Aliyekulia kwenye chakacha ana nyonga tayari. Kazi yake iko mbavuni, maana mbavu zikienda kulia nyonga hutaka kuzifuata. Vikishatengana ndipo vinaunganishwa, miguu ikishika mdundo mmoja na mabega mwingine, wachezaji wakivuka ukumbi kwa ngoma inayopigwa palepale. Kwangu mimi hapo ndipo ushahidi wake ulipo. Mtu akishajaribu kushika midundo miwili kwa wakati mmoja hawezi tena kusema ngoma hizi hazina elimu.

Kundi lake la densi liliposafiri Marekani, kupata chumba cha kulala na ukumbi usiotenganisha watazamaji kulikuwa kazi ya kila siku. Oktoba 1944, Louisville, Kentucky, baada ya onyesho aliwaambia watazamaji kwamba hatarudi mpaka Weusi na Weupe waruhusiwe kukaa pamoja. Mwaka 1950 hoteli moja ya São Paulo ilimkatalia chumba. Kelele zilizofuata zilisaidia kuzaa Sheria ya Afonso Arinos ya 1951, ya kwanza Brazili kuadhibu ubaguzi wa rangi. Sheria yenyewe ilikuwa dhaifu, kwani ililichukulia tendo hilo kama kosa dogo.

Kazi iliyomgharimu zaidi ni densi yake *Southland*, iliyoonyeshwa Santiago, Chile. Mwanamke Mzungu anamsingizia Mweusi kwamba amembaka, umati unamnyonga, na maiti yake inaning'inia mtini mbele ya watazamaji. Wanadiplomasia wa Marekani walichukia. Ilichezwa tena Paris mwaka 1953, kisha Dunham hakuirudia. Serikali ilipoanza kugharamia ziara za makundi ya densi ng'ambo, kundi lake lilipitwa. Naona hasara hiyo haitajwi inavyostahili: kundi kubwa namna ile haliishi kwa tiketi peke yake.

Mwaka 1967 alifungua kituo cha mafunzo ya sanaa East St. Louis, akafundisha vijana wa mtaa maskini. Huko ndiko aligoma kula siku 47 mwaka 1992, akiwa na miaka 82, kupinga Marekani kuwarudisha wakimbizi wa Haiti waliovuka bahari. Aliacha mgomo baada ya Jean-Bertrand Aristide, rais wa Haiti aliyepinduliwa, kumsihi ale.