Rangi ya madini na rangi ya kikaboni: moja ni ngozi ya ukuta, nyingine ni sehemu ya ukuta

Tafuta ukuta wa zamani uliovimba, ubandue kipande cha rangi kinachoning'inia, kisha ukikunje kati ya vidole. Kikipinda kama ganda la plastiki, basi ni plastiki kweli: hiyo ni rangi ya kikaboni. Sasa nenda kwenye ukuta uliopakwa chokaa miaka mingi iliyopita, upitishe kiganja. Vumbi jeupe kidogo linaweza kubaki mkononi, lakini ganda la kubandua hulioni, wala huna pa kuingiza ukucha. Rangi haikukaa juu ya ukuta. Imeingia ikawa ukuta.

Neno "kikaboni" lenyewe linapotosha. Kwenye mboga na mbolea watu wamezoea kulielewa kuwa ni kitu cha asili, kisicho na kemikali za kiwandani. Mkemia halitumii hivyo. Kwake, kitu cha kikaboni ni kile ambacho molekuli zake zimejengwa kwa minyororo ya kaboni. Kwa kipimo hicho, rangi ya akriliki iliyotokana na mafuta ya petroli ni ya kikaboni sawasawa na mafuta ya kitani yaliyokamuliwa kwenye mbegu. Chokaa, ambayo ni jiwe lililochomwa, si ya kikaboni, hata kama ni ya asili kuliko zote mbili. Tena chokaa ikishakauka ukutani ina kaboni ndani yake, ila wanakemia waliamua zamani kwamba kabonati, yaani vitu vya aina hiyo, zihesabiwe upande wa madini. Kwa hiyo kopo likiandikwa "organic", usidhani umeambiwa ni salama.

Jambo la pili linalochanganya ni kwamba jina halitokani na ile rangi unayoiona. Kopo la rangi lina vitu vinne hivi: chembe zinazotoa rangi, gundi inayozishika, maji au kiyeyusho cha kuipitisha brashi, na unga wa kujazia. Chembe karibu zote za rangi nyeupe ya leo ni titaniamu dayoksaidi, ambayo ni madini, iwe kopo ni la akriliki au la silikati. Kinachotofautisha ni gundi. Gundi ikiwa ya akriliki, vinili, alkidi, epoksi au mafuta ya kitani, rangi ni ya kikaboni. Gundi ikiwa chokaa, saruji au silikati ya potasiamu, rangi ni ya madini.

Rangi ya maji ya kawaida, ile inayopakwa kwa rola, ni maji yaliyojaa vijipira vya plastiki visivyoonekana kwa macho. Maji yanapokauka, vijipira husogeleana, hubanana na mwisho huungana kuwa utando mmoja. (Ndiyo maana makopo huonya usipake kwenye baridi kali: vijipira vikiwa vigumu haviungani, na utando unabaki kama unga.) Rangi ya mafuta huenda njia nyingine, inavuta oksijeni ya hewani na kugumaa polepole. Kwa vyovyote matokeo ni utando, mara nyingi mwembamba kuliko karatasi ya kuandikia, uliong'ang'ania uso wa ukuta. Uhai wake wote unategemea huko kung'ang'ania.

Chokaa inahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu watu wengi wameipaka bila kujua inafanya nini. Jiwe la chokaa huchomwa kwenye tanuri kwa joto la takriban nyuzi 900 za Selsiasi. Hewa ya ukaa iliyofungwa ndani ya jiwe hutoka, na kinachobaki ni chokaa kali isiyozimwa. Ukiimwagia maji hutokota, huvimba na kutoa mvuke, na hapo ndipo husemwa imezimwa. Ukiipaka ukutani inaanza safari ya kurudi: inavuta hewa ya ukaa iliyo hewani na kugeuka tena kuwa kalsiamu kabonati, yaani lile lile jiwe lililoingia tanurini. Kwa hiyo chokaa haikauki tu kama nguo kambani. Inageuka jiwe, na ili igeuke inahitaji hewa na pia unyevu.

Hapa ndipo makosa yanapoanzia. Anayepaka chokaa kwa mara ya kwanza huchanganya, hupiga mkono wa kwanza, halafu hushtuka: ukutani hakuna kitu, ni kama maji yaliyooshewa chombo cha maziwa. Anaona mchanganyiko ni mwepesi, anaongeza unga mpaka unakuwa mzito kama uji. Siku ya pili ukuta ni mweupe, naye amefurahi. Baada ya wiki kadhaa kila anayeuegemea anaondoka na mgongo mweupe. Mkono wa kwanza ulikuwa sawa. Chokaa hupakwa nyepesi, kwa brashi, juu ya ukuta uliolowanishwa, mikono mitatu au zaidi, nayo huwa nyeupe kadiri inavyokauka. Ikipakwa nzito kwenye ukuta mkavu unaopigwa na jua, maji hukimbia kabla haijawahi kugeuka jiwe, ikabaki unga. Watu hulaumu chokaa kwamba inachafua nguo. Mara nyingi kilichochafua ni haraka.

Silikati ni ndugu yake mgumu zaidi. Gundi yake huitwa kioo cha maji: silika na potashi zilizoyeyushwa pamoja kisha kufanywa kimiminika. Mjerumani Adolf Wilhelm Keim alipata hataza ya rangi za aina hii mwaka 1878, akitafuta kitu kitakachostahimili mvua na baridi ya nje kuliko michoro ya chokaa. Silikati ikigusa plasta ya chokaa au saruji hufanya kazi na madini yaliyomo, na vyote viwili hufungamana. Ukali wake unauona kwenye madirisha: tone likidondokea kioo na kuachwa likauke, linakila kioo na alama haitoki tena. Kwa hiyo fundi wa silikati hufunika vioo kabla hajafungua ndoo.

Mfano mzuri wa tofauti hii uko Vatikani na Milan, na una zaidi ya miaka mia tano. Michelangelo alipochora dari la kanisa la Sistine kati ya 1508 na 1512, alipaka rangi juu ya plasta ya chokaa ikiwa bado mbichi, hivyo chokaa ilipogeuka jiwe ilizifungia chembe za rangi ndani yake. Miaka michache kabla, mjini Milan, Leonardo da Vinci alitaka kuchora taratibu, arudie na kurekebisha, jambo ambalo plasta mbichi haikuruhusu. Akachora Karamu ya Mwisho juu ya ukuta mkavu kwa gundi za kikaboni. Unyevu wa ukuta ukafanya kazi yake, na mchoro ulianza kuharibika yeye mwenyewe akiwa bado hai.

Unyevu, basi, ndio mtihani wenyewe. Ukuta wa matofali au mawe una maji ndani yake siku zote: yanayopanda kutoka ardhini, yanayoingia kwa mvua, yanayotoka kwa watu wanaopika na kuoga. Maji hayo lazima yatoke, nayo hutoka kama mvuke kupitia uso wa ukuta. Yakikuta utando mzito, hukusanyika nyuma yake. Yakiwa yamebeba chumvi, chumvi hiyo huganda kuwa fuwele hapo hapo na kuusukuma utando kwa nguvu. Ndiyo malengelenge unayoyaona sentimita chache juu ya sakafu. Kwenye ukuta wa chokaa chumvi ile ile hutokea nje kama unga mweupe, ukaifagia kwa brashi kavu. Haipendezi, lakini haikuvunja kitu.

Wataalamu hupima jambo hili kwa kulinganisha rangi na tabaka la hewa tulivu: rangi hii inauzuia mvuke sawa na hewa ya unene gani? Katika viwango vya Ulaya, rangi ya nje ambayo haifiki mita 0.14 imo kwenye daraja la juu la kupitisha mvuke, na inayozidi mita 1.4 imo kwenye daraja la chini. Chokaa na silikati kwa kawaida huwa daraja la juu bila jasho. Za kikaboni hutofautiana mno. Rangi ya maji ya bei ya chini isiyong'aa inaweza kupumua vizuri kuliko ile ya bei kubwa inayong'aa, kwa kuwa ina plastiki kidogo na unga mwingi. Na niseme mapema: hakuna rangi, ya kundi lolote, inayotibu maji yanayopanda kutoka kwenye msingi. Chokaa inayavumilia tu.

Plasta mpya nayo ina mambo yake. Saruji na chokaa mbichi ni alkali kali. pH ya chokaa, yaani kipimo cha asidi na alkali, hukaribia 12.5. Ukiwahi kuipaka rangi ya mafuta, alkali huyashika mafuta na kuyageuza sabuni, kama vile sabuni inavyotengenezwa jikoni. Ukuta unanata, unabadilika rangi, unamwaga machozi. Ndipo unaposikia agizo la kusubiri siku 28 au zaidi. Rangi ya madini haina tatizo hilo, maana yenyewe ni alkali, na ukali huo huizuia kuvu isiote katika miaka ya mwanzo. Lakini inalipa kwa upande mwingine: si kila chembe ya rangi inaustahimili. Oksaidi za chuma, yaani zile nyekundu, njano na kahawia za udongo, hukaa. Buluu ya Prussia hufa. Kwa hiyo ukitaka waridi kali au zambarau ya kung'aa, usiitafute kwenye chokaa.

Za kikaboni nazo zina mahali ambapo hakuna mbadala. Mbao hutanuka na kusinyaa, chuma hupata joto na kupoa, na gundi ya jiwe haiwezi kufuata mwendo huo, hupasuka. Silikati haishiki kwenye ubao wa jasi. Ukuta wa jikoni unaorukiwa na mafuta unataka uso unaofutika kwa kitambaa na sabuni, na ukuta wa chumba cha upasuaji unaosuguliwa kila siku kwa dawa unataka epoksi. Nyufa nyembamba kama unywele hufunikwa vizuri na rangi inayovutika. Tena rangi ya kikaboni humsamehe fundi. Ya madini haisamehi: kiraka kilichopakwa wiki ijayo kitaonekana milele.

Kati ya makundi haya mawili pako pana mchanganyiko. Rangi nyingi za silikati zinazouzwa tayari kwenye ndoo zimetiwa akriliki kidogo ili zisigande. Kanuni ya Kijerumani ya DIN 18363 inaruhusu vitu vya kikaboni visizidi asilimia 5. Rangi za silikoni zina uti wa mgongo wa silika uliovikwa vikundi vya kaboni, hivyo hufukuza maji ya mvua huku zikipitisha mvuke. Na wapo wanaotia gundi nyeupe ya mbao kwenye chokaa ili isichafue nguo. Haichafui, ni kweli, ila kadiri gundi inavyozidi ndivyo ukuta unavyorudi kwenye kuvaa plastiki.

Usalama nao usipimwe kwa jina. Rangi ya mafuta hutoa mvuke wa viyeyusho unaoumiza kichwa, na ikipata moto huungua, chokaa haiungui. Lakini chokaa mbichi na silikati huunguza macho, kwa hiyo miwani ya kazi ni lazima. Na sumu iliyowadhuru mafundi rangi kwa karne nyingi, risasi nyeupe, ilikuwa ni madini. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuizuia isitumike ndani ya majengo.

Ukirithi ukuta usioujua, anza na tone la maji. Likinywewa mara moja, uso uko wazi na ya madini itashika. Likisimama kama shanga, kuna utando, na chokaa juu yake haitapata pa kuuma mpaka uukwangue wote. Kisha chukua lile ganda ulilolibandua mwanzoni, uligeuze uangalie mgongo wake. Mgongo huo ukiwa na unga mweupe, mtu alipaka plastiki juu ya chokaa bila kuisugua. Gundi ilishika vumbi badala ya ukuta, na rangi iliyobaki juu hapo itafuata, hata ikiwa leo inaonekana imekaa.