Kwa nini TANU ilikubali uchaguzi wa kura tatu?

Je, wajua kwamba uchaguzi ulioifungulia Tanganyika njia ya uhuru ni ule ambao wajumbe wengi wa TANU, chama kilichopigania uhuru huo, walitaka kuususia?

Sheria yenyewe ilikuwa ya dhuluma. Serikali ya Gavana Edward Twining iliamuru kila mpiga kura achague watu watatu: Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Akiruka hata mmoja, kura imeharibika. Hivyo Wazungu wapatao 20,000 walipewa viti sawa na Waafrika zaidi ya milioni 8. Tena ili uandikishwe ulihitaji kipato cha shilingi 3,000 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au uwe umeshika wadhifa unaotambuliwa na serikali. Wanawake wengi waliokijenga chama kupitia vikundi vyao vya ngoma, wakihamasishwa na Bibi Titi Mohamed, hawakuwa na sifa hizo. Hilo linauma hata leo.

Mkutano Mkuu wa TANU ulipokutana Tabora Januari 1958, hasira zilikuwa juu, na zilikuwa za haki. Wengi walitaka uchaguzi ususiwe na pengine uitishwe mgomo wa nchi nzima. Nyerere aliona mbali zaidi. Chama kikisusia, viti vyote vitaokotwa na UTP (United Tanganyika Party), chama kilichoundwa 1956 kwa baraka za gavana. Mgomo nao ungeweza kugeuka ghasia, na ghasia zingeipa serikali kisingizio cha kuipiga TANU marufuku. Tayari matawi kadhaa yalikuwa yamefungwa, na mwaka 1957 Nyerere mwenyewe alizuiwa kuhutubia hadhara. Jirani Kenya, watu walikuwa chini ya hali ya hatari tangu 1952.

Wajumbe wakakubali kushiriki. Ndio ukaitwa Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakuukubali, akajitoa na kuunda African National Congress.

Hapo ndipo sheria ilipowageuka walioitunga. Kwa kuwa kila mtu alilazimika kupiga kura tatu, na Waafrika walikuwa wengi miongoni mwa walioandikishwa, mgombea wa Kizungu au wa Kiasia hangeshinda bila kura zao. TANU ikachagua wa kuwaunga mkono, kama Derek Bryceson na Amir Jamal. Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. UTP haikuambulia kitu, na chama cha Mtemvu nacho hakikupata kiti.

Julai 1959 mawaziri watano wa kuchaguliwa waliingia serikalini, wote wakiungwa mkono na TANU. Katika uchaguzi wa Agosti 1960 chama kilitwaa viti 70 kati ya 71, na tarehe 9 Desemba 1961 bendera ya Uingereza ikashushwa.