Mbio za ustahimilivu za mikweche: maana yake na jinsi gari lake linavyoandaliwa

Mbio za ustahimilivu za mikweche ni mashindano ambamo kikundi cha marafiki hununua gari bovu kwa bei ya chini sana, hulitengeneza wenyewe, kisha hupokezana usukani kwa saa nyingi, na ushindi huenda kwa timu iliyouzunguka uwanja mara nyingi zaidi kabla ya muda kwisha. Msomaji wa Afrika Mashariki aliyezoea Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953, asifikirie magari yanayoachiana dakika na kushindana na saa katika barabara za vumbi. Hapa magari yote, ambayo mara nyingine huzidi mia moja, huwa pamoja katika uwanja mmoja wa lami, mengine yakiwa na kasi ya kutosha na mengine yakijikokota, na dereva hupita au kupitwa karibu katika kila kona.

Mashindano yaliyoufanya mchezo huu ujulikane yanaitwa 24 Hours of Lemons. Mwanzilishi wake ni Jay Lamm wa Marekani, na mbio za kwanza zilifanyika mwaka 2006 katika uwanja wa Altamont, jimbo la California. Jina lake linaigiza kwa utani lile la mbio za saa 24 za Le Mans nchini Ufaransa, zilizoanza mwaka 1923, ambako makampuni makubwa ya magari hupambana kwa fedha nyingi mno. Licha ya jina hilo, mbio nyingi za Lemons hazikimbizwi saa 24 mfululizo, bali hugawanywa katika siku mbili za mwisho wa wiki, na usiku mafundi hupata nafasi ya kufanya matengenezo.

Kiini cha dhana hii ni kikomo cha bei. Kwa kanuni iliyoutambulisha mchezo, gari na vyote vinavyoliongezea mwendo, yaani injini, giaboksi, springi na vinginevyo, havipaswi kuzidi dola 500. Hata hivyo, breki, rimu, matairi, kiti cha dereva, mikanda na vifaa vyote vya usalama havihesabiwi kabisa. Maana yake ni kwamba kinacholifanya gari liende kimewekewa mpaka, lakini kinacholifanya lisimame na kinachomlinda aliyemo ndani hakikuwekewa. Naona hii ni kanuni ya busara kubwa, kwa sababu inamzuia tajiri kununua ushindi bila kumshawishi maskini ajinyime usalama ili abaki ndani ya bajeti.

Kikomo hicho hakimaanishi kwamba gari ni lazima liwe limenunuliwa kwa dola 500 kamili. Timu inaweza kununua gari kwa dola 800, ikauza viti, redio, vifuniko vya ndani vya milango na mapambo mengine ambayo hayatahitajika uwanjani, na fedha iliyopatikana ikapunguzwa kwenye hesabu. Kabla ya mbio waamuzi hulikagua kila gari na kusikiliza maelezo ya wenyewe, na wakiona bei iliyotajwa haiaminiki huikata timu mizunguko kabla haijaanza, kwa kawaida mzunguko mmoja kwa kila dola 10 zilizozidi. Waamuzi hawa wanayajua magari, na BMW ya zamani iliyofungwa springi mpya za mbio haiwezi kupita mbele yao kama gari lililookotwa kwenye skrepa.

Kazi nzito ya matayarisho ni kizimba cha usalama. Gari huvuliwa mazulia, viti na vitambaa vyote vinavyoweza kushika moto, kisha fundi hukunja mabomba mazito ya chuma na kuyachomelea kwenye vibati vilivyokwisha kuchomelewa sakafuni, ili gari likipinduka paa lisimbonyee dereva. Bomba lolote ambalo kofia ngumu inaweza kuligonga hufunikwa kwa sponji ngumu. Dereva huvaa ovaroli isiyoshika moto na kifaa kinachozuia kichwa kisirushwe mbele wakati wa mgongano, na swichi ya kukata umeme wote huwekwa mahali ambapo mwokoaji anaweza kuifikia. Kizimba kilichojengwa sawasawa hugharimu zaidi ya gari lenyewe, na anayeingia katika mchezo huu akidhani kwamba dola 500 ndiyo gharama yote atakwama mapema, maana bado kuna ada ya kushiriki, matairi, mafuta na usafiri wa kwenda uwanjani.

Baada ya usalama linalofuata ni uvumilivu wa gari, na hapa hesabu inaeleza zaidi kuliko maneno. Tuchukue mbio za saa 14 katika uwanja ambao mzunguko mmoja huchukua dakika mbili, ambapo gari lisilosimama kabisa litafikisha mizunguko 420. Gari linalokaa gereji kwa dakika 40 likibadilishwa rejeta hupoteza mizunguko 20, na ili kuifidia itabidi likimbie karibu sekunde sita haraka zaidi katika kila mzunguko uliobaki, jambo ambalo kwa magari ya aina hii halipatikani. Kwa sababu hiyo timu yenye uzoefu huacha kufikiria nguvu za injini na kushughulikia upoozaji, breki, beringi za magurudumu na mabomba ya maji yaliyochakaa.

Oili ni mfano mzuri. Gari lililotengenezwa kwa barabara za kawaida linapokata kona ndefu kwa kasi, oili yote hukimbilia upande mmoja wa sampu, yaani chombo cha oili kilicho chini ya injini, pampu hufyonza hewa, na beringi za krenki, mhimili mkuu wa injini, hukaa kavu kwa sekunde chache. Barabarani hali hiyo haitokei mara kwa mara, lakini uwanjani hujirudia mamia ya mara kwa siku, mpaka injini inoki, yaani iharibike. Dawa yake ni rahisi: sampu hufunguliwa na kuchomelewa vizuizi vya bati ndani yake vinavyoizuia oili isihame.

Kwa kawaida timu huwa na madereva wanne hadi sita, na kila mmoja huendesha mpaka mafuta yanapokaribia kwisha. Wakati wa kujaza mafuta hakuna anayeruhusiwa kubaki ndani ya gari, na mmoja wao husimama kando akiwa ameshika kizimia moto tayari. Ni vyema marafiki wakubaliane kabla ya kununua gari ni nani mmiliki, kila mtu atachangia kiasi gani, na gharama itabebwa vipi endapo injini itakufa mikononi mwa mmoja wao. Uwanjani kuna kanuni kali inayosaidia kutunza heshima: magari mawili yakigusana, madereva wote wawili huitwa kwa waamuzi, awe aliyegonga au aliyegongwa, na anayerudia makosa anaweza kuondolewa katika mbio.

Kwa kuwa magari hayalingani, waamuzi huyagawa katika madaraja matatu, kuanzia yale yenye uwezo wa kushinda hadi yale ambayo hakuna anayetegemea kwamba yatamaliza. Tuzo yenye heshima kubwa kuliko zote haimwendei wa kwanza, bali hupewa timu iliyofika mbali kuliko ilivyotarajiwa ikiwa na gari baya kupindukia. Tuzo hiyo imeleta ubunifu wa ajabu, hata timu moja ikachukua bodi ya ndege ndogo aina ya Cessna 310, ikaifunga juu ya gari la Toyota, ikaiendesha uwanjani pamoja na magari mengine.

Mbio zikiisha kwa kawaida gari haliuzwi. Bodi iliyokwisha kuchomelewa kizimba ndiyo mali kubwa ya timu, na kwa hiyo injini ikifa hutafutwa nyingine kutoka kwenye gari lililogongwa, hufungwa, na gari lilelile hurudi uwanjani msimu unaofuata.