Je, wajua kwa nini ukungu mweupe wa Tukuyu hutoka wa kijivu kwenye picha?

Kijana mmoja anayejifunza kupiga picha za safari alinionyesha picha aliyoipiga asubuhi kwa kamera yake mpya, kando ya barabara ya kutoka Uyole kwenda Tukuyu, mkoani Mbeya. Mbele amesimama mama mwenye beseni la ndizi kichwani, na nyuma yake mashamba ya chai yamemezwa na ukungu. Mpangilio wake ni mzuri, sikuona cha kurekebisha. Lakini ukungu uliokuwa mweupe kama maziwa umetoka wa kijivu kama moshi wa kuni, na uso wa mama umeingia giza hata macho hayaonekani. Akaniuliza kama kamera ni mbovu.

Kamera ni nzima. Kipima mwanga kilichomo ndani yake hupima mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu, wala hakijui kitu hicho ni ukungu au ni mkaa. Huchukulia kwamba mandhari yoyote, yenye vyeupe na vyeusi vilivyochanganyika, hurudisha mwanga wa wastani, ambao kwa desturi wapiga picha huutaja kuwa asilimia 18, yaani kijivu cha katikati. Ukungu hauko hivyo: matone yake hutawanya mwanga wa rangi zote karibu sawasawa, ndiyo maana tunauona mweupe. Ukijaza sehemu kubwa ya picha, kamera hudhani mwanga umezidi na kuupunguza, na uso uliokuwa na mwanga hafifu kuliko ukungu wa nyuma huzama gizani pamoja nao.

Dawa yake ni kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa, ambacho wanaoanza wengi hawakigusi. Ukiweka +1, picha hupokea mwanga mara mbili ya ule uliochaguliwa na kamera. Katika hali ya otomatiki kamili kamera nyingi hazikikubali kitufe hicho, hivyo gurudumu la juu liwekwe kwenye P, hali ambayo kamera bado hujipimia mwanga lakini hukuruhusu kuurekebisha. Ningeanzia +1, nikautazama uso kwenye kioo cha nyuma, na kama bado una giza ningeongeza kidogo, hata kama majani ya chai ya mbali yatafifia, kwa sababu picha ile ni ya yule mama.

Kwenye Daraja la Mungu, daraja la asili la mwamba mtoni Kiwira, mambo hugeuka. Mwamba mweusi wenye kivuli ukijaa kwenye picha, kamera huongeza mwanga kupita kiasi, na povu la maji huungua likawa jeupe tupu. Hapo huwekwa –1.

Nilimwomba pia akirudishe kitufe kwenye sifuri kabla ya kushuka Kyela kwenye jua kali, kwa kuwa kamera nyingi huendelea kukumbuka ile +1 hata baada ya kuzimwa.