Mafuta ya nywele ya mitishamba: maswali na majibu kwa anayetaka kujitengenezea nyumbani

Mafuta haya yanakuza nywele?

Sehemu ya unywele unayoiona haina uhai. Ni protini ngumu iitwayo keratini, ndiyo maana ukiikata huumii. Unywele hukua kutoka kwenye mzizi uliozama ndani ya ngozi, takriban sentimeta 1 kwa mwezi, na mafuta ya mitishamba ya nyumbani hayana uwezo uliothibitishwa wa kuuharakisha mwendo huo. Kazi yake ni nyingine: yanapunguza msuguano, yanalainisha, na yanauzuia unywele usinywe maji mengi kila unapooshwa. Unywele unaovimba kwa maji na kusinyaa mara kwa mara huchoka ukakatika. Kwa hiyo mtu ambaye nywele zake zilikuwa zikikatika ncha kwa kasi ileile zinayokua, akianza kupaka mafuta ataona zimerefuka. Kasi ni ileile, ila sasa urefu unabaki kichwani.

Kuna utafiti wa mwaka 2015 unaotajwa sana, uliolinganisha mafuta ya rozimari na minoxidil ya asilimia 2, dawa ya kupaka ya kuotesha nywele, kwa miezi 6 kwa watu wenye upara wa kurithi. Makundi yote mawili yaliongezeka nywele kiasi mwishoni mwa miezi 6, lakini kufikia mwezi wa 3 hapakuwa na mabadiliko ya maana. Tena mafuta yaliyotumika yalikuwa yamepimwa kiwango cha viambato vyake. Majani uliyoloweka kwenye chupa hayajapimwa, basi usiyatarajie matokeo yale.

Nianze na mafuta gani?

Ya nazi, kama nywele zako hukatika. Molekuli za asidi yake ya lauriki, aina ya asidi ya mafuta, ni ndogo na zimenyooka, hupenya ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Mafuta ya alizeti hukaa juu tu. Nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na hiyo si dalili ya kuharibika. Mafuta ya mbarika ni mazito mno kutumika peke yake: nywele ndefu zinaweza kushikamana zikawa bonge lisilofumuka. Changanya sehemu 1 ya mbarika na sehemu 4 za mafuta mepesi.

Majani mabichi au makavu?

Makavu. Hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi yote.

Jani bichi ni maji kwa sehemu kubwa. Ukilitia kwenye mafuta, maji hutoka taratibu, hutuama chini ya chupa, na hapo bakteria na ukungu hupata makao. Mafuta matupu hayaoti ukungu. Maji yaliyomo ndiyo yanayouotesha. Anika majani kivulini penye hewa mpaka yavunjike kwa mlio ukiyakunja, na kikonyo nacho kikatike badala ya kupinda. Jani likiwa bado linanyumbuka, lirudishe. Jua kali hukausha upesi lakini hupoteza harufu, na harufu ni sehemu ya kile unachokitafuta.

Kwa sababu hiyohiyo usitie mshubiri, maji ya kitunguu wala tangawizi mbichi. Ute wa mshubiri karibu wote ni maji na hauyeyuki katika mafuta. Hata utelezi wa uwatu unaosifiwa kwa kulainisha nywele hutoka kwenye maji, si kwenye mafuta. Anayeutaka aloweke mbegu katika maji, apake siku hiyohiyo, na asizitie kwenye chupa ya mafuta kwa tumaini lilelile.

Vipimo na hatua ni zipi?

Chukua gramu 30 za majani makavu, ya rozimari kwa mfano, na mililita 300 za mafuta. Yavunjevunje majani kwa vidole, usiyasage kuwa unga; unga haupiti vizuri kwenye chujio na hubaki kama tope. Weka kwenye bakuli la kioo linalostahimili joto au la chuma, mafuta yafunike majani kwa sentimeta 2 hivi.

Tia maji kidogo kwenye sufuria, laza kitambaa chini, weka bakuli juu yake. Moto uwe mdogo kabisa. Mafuta yafike nyuzi 50 hadi 60 na yakae hapo saa 2 hadi 3, ukikoroga mara kwa mara na kuongeza maji ya sufuria yakipungua. Kama huna kipimajoto, angalia maji ya sufuria: yatoe mvuke bila kuchemka. Usifunike bakuli, kwa maana mvuke utadondoka kutoka kwenye kifuniko hadi ndani ya mafuta, na umerudi kwenye tatizo la maji. Majani yakigeuka kahawia na kunukia kama yaliyokaangwa, moto ulizidi, anza upya. Usibandike mafuta moja kwa moja juu ya moto, wala usiyaache peke yake jikoni.

Yakipoa hadi uvuguvugu, chuja kwa kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara mbili. Yaache yatulie usiku mzima, kisha mimina ya juu polepole na uache masimbi chini. Kamulio la mwisho la kitambaa huwa na chembechembe nyingi, kwa hiyo liweke kando ulitumie kwanza.

Yatakaa muda gani?

Kwenye chupa ya kioo cheusi, iliyokauka kabisa, penye baridi na giza, miezi 3 hadi 6. Vitamini E, kama mililita 1 kwa mililita 200 za mafuta, huchelewesha kuchacha lakini haiui bakteria. Watu huichanganya na dawa ya kuhifadhi, na sivyo. Mafuta yakinuka kama rangi ya kupaka ukuta au karanga kuukuu, yakipata ukungu au matone yanayotembea chini, mwaga yote. Kuyachemsha upya hakuyaokoi.

Naweza kuongeza mafuta tete yenye harufu kali?

Matone 20 kwa mililita 100, yaani takriban asilimia 1, yanatosha. Usiyapake yakiwa hayajachanganywa. Ya karafuu huwasha ngozi za watu wengi.

Nayapaka vipi?

Kwanza jaribu: paka tone ndani ya kiwiko mara mbili kwa siku kwa siku 3. Wekundu, muwasho au malengelenge ni jibu tosha.

Kisha kijiko kimoja cha chai kwa nywele fupi, viwili au vitatu kwa ndefu. Anza na ncha, ndiko zilikozeeka na kukauka zaidi, upande juu. Yaache dakika 30 hadi saa 2, halafu osha kwa shampuu. Shampuu ya kwanza ipake kabla ya kulowesha nywele, vinginevyo mafuta yatakushinda. Mara moja kwa wiki yatosha. Ukiona vipele kwenye paji la uso, unapaka mengi au karibu mno na uso.

Nina mba. Nipake?

Afadhali uache. Fangasi wa Malassezia, wanaohusika na mba, hula asidi za mafuta, na mafuta mengi ya mimea yanawalisha. Kichwa kitaonekana safi siku mbili kwa sababu magamba yamelowa, kisha mba warudi kwa nguvu. Shampuu ya ketokonazoli, dawa ya kuua fangasi, ndiyo inayofaa.

Na mtoto mchanga?

Usimpake mafuta ya mwarobaini, kafuri wala mafuta tete. Mafuta ya mwarobaini yaliyomezwa na watoto wachanga, hata kiasi kidogo, yamesababisha kutapika na degedege. Chupa ikae asikoifikia.

Lini niache kujitibu?

Kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida. Nenda kituo cha afya ukiona mabaka yasiyo na nywele, usaha, maumivu, au nywele zinazoisha ghafla. Mapunye hayaponi kwa mafuta, maana fangasi yuko ndani ya unywele na huhitaji dawa ya kumeza. Nywele zinazorudi nyuma kwenye kingo za kichwa, kwa anayesuka kwa kukaza, zinataka msuko ulegezwe mapema. Mzizi ukishageuka kovu, hauoti tena.